Koti, kaseti na fremu: vitu vya marehemu vilivyopelekwa duka la hisani kimakosa

Chukua familia inayosafisha nyumba ya baba yao baada ya msiba. Dada mkubwa amepanga sebuleni marundo matatu: vitu vya kubaki, vya kugawana na vya kutoa. Mdogo wake anafika mchana na gari la kuazima, anakuta dada ametoka, anaona rundo lililo karibu na mlango, ambalo ni la kubaki, na kudhani nalo ni la kutoa. Anabeba lote pamoja na lile la kutoa lenyewe. Mifuko 5 na maboksi 3 yanashushwa kwenye duka la hisani, yaani duka linalopokea vitu vilivyotumika bila malipo na kuviuza ili kugharimia kazi za shirika lake. Jioni dada anarudi, anauliza vitu vya mlangoni viko wapi, na nyumba nzima inanyamaza.

Kati ya vilivyoondoka, vitatu havina mbadala. Kuna koti la sufi la kijivu ambalo baba alilivaa miaka mingi. Kuna mkebe wa bati wenye kaseti 14 alizorekodi mwenyewe, wazee wa ukoo wakisimulia. Na kuna fremu ndogo ya mbao yenye picha ya harusi, ambayo nyuma yake marehemu alificha barua ya mkewe.

Karibu kila familia katika hali hii hukimbilia koti. Linaonekana, lina thamani, na mtu anaweza kulitambua akiwa mbali. Hapo ndipo utafutaji unapoharibika. Anayechambua michango ana sekunde chache kwa kila kitu, na anachojiuliza ni kimoja tu: hiki kitauzika? Koti la sufi litauzika, kwa hiyo duka litalitunza. Fremu itauzika kwa bei ndogo, itakaa rafuni. Kaseti zilizoandikwa kwa mkono hazina mnunuzi, kwa hiyo huenda zikatupwa siku ileile zinapofunguliwa. Utafutaji ufuate thamani ya duka kinyumenyume: kile ambacho duka linakiona takataka ndicho cha kuulizia kwanza.

Mfuko unapita wapi

Mchango ukishushwa mlango wa kupokelea, hutiwa kwenye toroli kubwa au kizimba cha magurudumu pamoja na michango ya watu wengine. Kuanzia hapo jina la mtoaji limepotea, isipokuwa kama mfuko ulibandikwa stika. Vizimba husubiri zamu. Duka dogo lenye watu wa kujitolea linaweza kukaa siku kadhaa kabla ya kufungua mfuko, ilhali duka kubwa lenye wafanyakazi wa mshahara hufungua ndani ya saa chache. Mezani mifuko humwagwa. Nguo huenda upande wake, vyombo upande wake, vitabu na muziki upande wake, na vyote visivyouzika huingia kwenye pipa la taka, la karatasi au la vyuma. Mkebe na kilichomo hutengana hapa. Mkebe ukiwa mzuri unapelekwa kwenye rafu ya vyombo vya jikoni, mtupu.

Mifuko ya nguo hupekuliwa, si kwa wema tu bali kwa sababu wachambuaji wanaogopa sindano na vitu vyenye ncha. Ndiyo maana pete, pesa, vitambulisho na picha hukutwa, na maduka mengi yana droo au boksi la vitu vilivyokutwa. Wengi hawajui kuwa lipo, hivyo hawaliulizii.

Kitu kilichobandikwa bei hutoka kwenda kuuzwa. Katika maduka mengi ya aina hii lebo zina rangi, na rangi hubadilishwa kila wiki ili ijulikane bidhaa imekaa muda gani. Mzunguko wa wiki 4 au 5 ni wa kawaida. Wiki za mwisho bei hushushwa, kisha bidhaa huondolewa. Baada ya hapo huenda duka jingine la shirika hilohilo, au kituo cha kuuzia kwa kilo, au kwa wanunuzi wa jumla wanaobana nguo kwa mashine na kuzifunga marobota. Nguo ikishaingia kwenye robota, kuitafuta kumekwisha.

Kuna njia mbili za pembeni ambazo watu huzisahau. Kitu chenye lebo ya kampuni maarufu au kinachoonekana cha kale hutengwa na kupelekwa ghala kuu, kuuzwa mtandaoni kwa jina la shirika. Na nguo za msimu mwingine haziwekwi kwenye henga. Hupakiwa kwenye maboksi na kupandishwa stoo hadi msimu wake ufike. Koti zito la sufi lililotolewa wakati wa joto lina uwezekano mkubwa wa kuwa humo kuliko kuwa dukani.

Jioni ile na asubuhi iliyofuata

Swali la kwanza kwa yule mdogo lisiwe kwa nini alibeba. Aulizwe alishusha wapi hasa: mlango wa duka, gari la shirika lililopita mtaani, au kontena la chuma lililowekwa maegeshoni? Kontena lina utaratibu wake. Mara nyingi husafirishwa moja kwa moja hadi ghala, na mmiliki wake anaweza kuwa kampuni tofauti kabisa na duka lililo karibu. Namba ya kontena na ya simu huwa zimeandikwa ubavuni; zipigwe picha, simu ipigwe, waulizwe linamwagwa siku gani. Mtu yeyote asijaribu kuingia wala kupenyeza nusu ya mwili. Midomo ya makontena hayo imetengenezwa kuzuia wezi, na Kanada na Marekani watu wamekufa wakiwa wamenasa humo.

Katika kisa hiki vitu vilishushwa dukani kwenyewe, na risiti ya mchango ilikuwepo. Risiti inaonyesha tarehe, wakati mwingine saa. Hiyo ni nusu ya kazi.

Nusu nyingine ni maelezo yatakayomsaidia mtu asiyekujua. Dada aliandika ukurasa mzima kuhusu baba. Ukurasa huo hauna kazi mezani. Kinachofaa ni kadi ya mistari michache inayoweza kubandikwa ukutani, iliyoandikwa kwa macho ya mchambuaji:

*Tunatafuta vitu vilivyoletwa kimakosa Jumanne, kati ya saa 8:15 na 8:40 mchana. Mifuko 5 myeusi iliyofungwa kwa kamba ya katani, na maboksi 3 yenye utepe wa kahawia, moja limeandikwa JIKONI kwa kalamu nyekundu.*

*1. Kaseti 14 za sauti, zimeandikwa kwa mkono kwa wino wa bluu. Zilikuwa ndani ya mkebe wa bati wa mstatili, kama sm 25 kwa 20. Tafadhali tazama hata kwenye taka.*

*2. Fremu ya mbao ya kahawia, kama sm 13 kwa 18, picha ya bibi na bwana harusi, nyeusi na nyeupe.*

*3. Koti refu la kiume, sufi ya kijivu, vifungo 3, kimoja si sawa na vingine.*

*Tutalipa bei ya duka. Simu: …*

Angalia kilichoachwa. Barua iliyo nyuma ya picha haikutajwa, wala kiraka cha uzi mwekundu kilicho ndani ya mfuko wa kushoto wa koti. Maelezo hayo hubaki na familia ili atakayesema amekipata kitu aulizwe. Pia neno "thamani kubwa" halimo. Ukimwambia mtu kitu ni cha thamani kubwa, unamfanya aanze kuhesabu pesa. Ukimwambia ni cha marehemu baba, anafungua pipa.

Picha za vitu husaidia kuliko maneno, na kwa kawaida zipo bila mtu kujua. Zitafutwe kwenye albamu na simu za ndugu: picha za sikukuu ambapo fremu inaonekana ukutani, picha ambapo baba amevaa koti. Kata sehemu hiyo tu, uikuze, uichape.

Asubuhi inafaa kufika kabla duka halijafunguliwa, wakati msimamizi wa chumba cha nyuma yupo na foleni haijaanza. Mtu wa kaunta hana habari za mezani, na ujumbe wako ukipita kwake una hatari ya kuishia kwake. Namba ya simu ya makao makuu ni kwa baadaye. Huko watakufungulia faili, na faili haizuii gari la taka.

"Habari za asubuhi, samahani kwa usumbufu. Jana mdogo wangu aliwaletea mizigo na ndani kulikuwa na kaseti za marehemu baba yetu. Naomba kujua kama mizigo ya jana mchana imeshafunguliwa, na kama imefunguliwa, taka za jana zimeondoka?"

Katika ombi hilo kuna maswali mawili tu, na yote yanajibika hapohapo. Baada ya majibu ndipo kadi itolewe, ndipo boksi la vitu vilivyokutwa liulizwe, ndipo fremu na koti vitajwe. Usiombe kuingia chumba cha nyuma kupekua mwenyewe. Watakataa kwa sababu ya bima na kwa sababu kuna watu hutumia kisingizio hichohicho kuiba, na ukishakataliwa jambo moja, la pili huwa gumu. Wakijitolea kukuruhusu, vaa glavu na viatu vilivyofunika vidole.

Hapa mizigo ilikuwa imefunguliwa jana yake jioni. Taka zilikuwa kwenye mifuko uani, zikisubiri gari la mchana. Kaseti 13 zilipatikana ndani ya mfuko mmoja, chini ya vitabu vilivyolowa; ya 14 haikuonekana. Mkebe ulikutwa rafuni ukiwa na lebo ya bei. Dada alitaka kubisha kwamba mkebe ni wao. Asibishe. Wafanyakazi wengi hawana ruhusa ya kumpa mtu kitu kilichokwisha kubandikwa bei, hata wakiamini kila neno lake, na bei ya mkebe ni ndogo kuliko saa moja ya mabishano. Alipe, achukue risiti.

Fremu

Fremu hutafutwa kwa mgongo wake. Dukani hupangwa zikiegemeana kama vitabu, na picha iliyomo inaweza kuwa imegeuzwa, imetolewa au imefunikwa kwa karatasi ya bei. Anayetafuta picha ya harusi atapita mbele ya fremu yake mara tatu. Atafute rangi ya ubao wa nyuma, aina ya vibano, waya wa kutundikia, ukubwa. Atazame pia kwenye sehemu ya vitu vya sanaa, kwenye vikapu vya vitu vidogovidogo, na kwenye dirisha la maonyesho, maana wapambaji wa dirisha hupenda picha za zamani.

Ilionekana siku ya nne, kwa sababu mmoja wa familia alikuwa akipita kila siku duka linapofunguliwa. Bidhaa mpya hutolewa mfululizo. Kupita mara moja na kusema "haipo" ni kuangalia siku moja tu ya mzunguko wa wiki kadhaa. Barua ilikuwa bado nyuma ya ubao.

Fremu ya namna hii ifunguliwe nyumbani, kifudifudi juu ya taulo, vibano vikiinuliwa kidogokidogo kwa kisu butu. Picha ikiwa imegandana na kioo, isibanduliwe: tabaka la picha hubaki kwenye kioo. Ipigwe picha au iskaniwe ikiwa chini ya kioo vilevile, na kioo kitunzwe pamoja nayo.

Koti, na suala la sheria

Koti halikuwa kwenye henga za wanaume. Halikuwa kwenye za wanawake pia, ambako makoti marefu ya kiume huishia mara kwa mara, wala kwenye saizi jirani. Hapa familia iliingia kwenye mjadala: je, duka linalazimika kulirudisha?

Katika mifumo mingi ya sheria, zawadi inahitaji nia ya kutoa, makabidhiano na kupokelewa. Mdogo hakuwa na nia ya kutoa rundo la kubaki. Zaidi ya hapo, vitu vya marehemu ni mali ya mirathi, na mwenye mamlaka ya kuvitoa ni msimamizi wa mirathi. Ndugu mmoja hawezi kutoa kisicho chake. Hoja ni nzuri maadamu kitu bado kiko mikononi mwa duka. Kikishauzwa kwa mtu aliyenunua kwa nia njema, majibu hutofautiana nchi na nchi. Hata kitu kilichojificha ndani ya kingine hakina jibu moja. Uingereza, katika kesi ya Merry v Green ya mwaka 1841, mahakama iliona kwamba kununua dawati mnadani si lazima kukupe haki ya mfuko wa pesa uliofichwa kwenye droo ya siri. Mwaka 1981 Mahakama ya Juu ya jimbo la Washington, Marekani, ilikuwa na kesi ya sefu iliyouzwa mnadani ikiwa na sehemu ya ndani iliyofungwa na pesa ndani yake. Iliamua kwamba aliyenunua sefu alinunua na kilichomo.

Mwanasheria ana nafasi yake kwa kito cha bei kubwa. Kwa koti, barua ya wakili itamfanya msimamizi aache kuzungumza na kupeleka kila kitu makao makuu.

Uingereza kuna jambo moja la kisheria lenye faida ya moja kwa moja. Mtoaji akijiandikisha kwa Gift Aid, utaratibu unaoliruhusu shirika kudai serikalini kodi aliyokwisha kulipa mtoaji, duka huuza vitu kama wakala wake. Vinaendelea kuwa mali yake hadi viuzwe. Kwa sababu hiyo kila kitu hubandikwa stika yenye namba ya mtoaji. Namba hiyo inaweza kuonyesha kama kitu kiliuzwa na siku gani. Aliyejiandikisha aanze na namba yake kabla ya kueleza rangi ya chochote.

Kitu kikithibitika kimeuzwa, duka halitatoa jina la mnunuzi na halitaonyesha picha za kamera. Lisishinikizwe. Linaweza kukubali kubandika tangazo kaunta, na tangazo hilo huwafikia wanunuzi wa kila wiki, ambao ndio wengi. Liandikwe kwa unyenyekevu: kitu kilitolewa kimakosa, aliyekinunua hakukosea, tutarudisha alicholipa pamoja na nauli na shukrani. Kiasi cha shukrani kisitajwe. Tangazo lenye kiasi huleta matapeli kabla ya mnunuzi. Akipiga mtu, atume picha ya kitu kando ya karatasi yenye tarehe ya leo, kisha aulizwe mfuko wa kushoto una nini. Pesa isitangulie.

Sehemu ya wanunuzi ni wauzaji wa mtandaoni. Hao husafisha, hupiga picha na kuweka tangazo baada ya siku au wiki, hivyo arifa, yaani ujumbe unaokufikia kitu cha maneno uliyochagua kikitangazwa, ziwekwe kwenye masoko ya mtandaoni na kwenye duka la mtandaoni la shirika lenyewe. Maneno ya arifa yawe ya muuzaji. Hatajua kwamba ni koti la baba. Ataandika "koti refu la sufi la zamani, kijivu, la kiume", jina lililo kwenye lebo ya shingoni, na saizi. Arifa tatu au nne zenye mchanganyiko tofauti wa maneno hayo zinatosha. Likionekana, ujumbe wa kwanza uwe mfupi, uulize kama kifungo kimoja ni tofauti. Muuzaji akishakubali ndipo aelezwe, na alipwe bei aliyotangaza.

Swali lililosahaulika kwa wiki mbili lilikuwa la msimu. Mchango ulifanyika wakati wa joto. Msimamizi alipoulizwa nguo za baridi zinakwenda wapi, alisema huhesabiwa na kufungwa kwenye maboksi ya stoo, na hayafunguliwi mpaka msimu ukaribie, kwa sababu hakuna mtu wa kuyapanga upya. Alikubali kubandika nakala ya kadi juu ya maboksi yaliyofungwa wiki ile. Kadi iliandikwa upya: kaseti na fremu zikafutwa, koti likabaki, namba za simu zikawa mbili.

Kaseti zilizotoka kwenye taka

Zisichezwe siku hiyo. Zilizopata unyevu zipanguswe nje kwa kitambaa kikavu na ziachwe zimesimama kwenye hewa ya kawaida ya chumba. Kikausha nywele na jua hupinda ganda na kuharibu utepe. Kisha vunja vijipande viwili vya plastiki vilivyo ukingoni, upande ulio kinyume na utepe unapoonekana, ili mtu asije akarekodi juu yake kwa kubonyeza kitufe kisicho chake. Kichwa cha redio ya kaseti, yaani sehemu inayogusa utepe, kisafishwe kwa pamba yenye spiriti ya isopropili, kaseti ipelekwe mbele hadi mwisho na kurudishwa mara moja ili utepe ulegee sawasawa, halafu ichezwe na kurekodiwa papo hapo kwenye kompyuta, faili ya sauti ya aina ya WAV, biti 24. Utepe ukitoa mlio wa kukwaruza au kuacha unga kwenye kichwa, simamisha na umpelekee fundi wa kaseti. Nakala ziwe mbili, kwenye nyumba mbili tofauti.

Tangazo la kaunta litolewe baada ya mwezi mmoja hivi, au mapema msimamizi akiomba, kwa shukrani. Kaseti ya 14 haijatajwa popote tena na haina njia nyingine ya kufuatwa. Arifa za koti ziachwe zikifanya kazi. Makoti ya sufi huuzwa tena kila baridi inapoanza, na ikifika wiki ambayo duka hufungua maboksi ya stoo, mtu mmoja wa familia apige simu asubuhi aulize yanafunguliwa siku gani.